Mwinuko wa Urio

1

Saa mbili na nusu ya Jumatatu, karakana kuu ya Kongwa ilinyamaza. Watu elfu moja na mia nne waliweka chini vifaa vyao, wakageukia ukuta wa kaskazini, na Shahidi akaanza kusoma namba.

Nakijwa Mfinanga alisimama nyuma kabisa, mlangoni pa stoo ya glavu, kwa sababu chumba alichopewa siku hizi kilikuwa kando ya stoo hiyo. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, goti moja bovu, na wivu ambao hakujisumbua kuuficha kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumtazama.

"Chombo kizima," Shahidi alisema kwa sauti yake isiyo ya kike wala ya kiume. "Namba ya gharama, sifuri nukta tisa nane. Namba ya muda, moja nukta sifuri moja. Mbayuwayu ataruka tarehe kumi na nne Novemba."

Watu walipiga makofi. Mbele kabisa, chini ya ukuta, Aikande Urio alipokea makofi hayo kwa kichwa kilichoinama kidogo, kama bibi harusi. Nishani ya Shirikisho ilining'inia kwenye koti lake, na hakuna aliyewahi kumwona bila hiyo tangu avishwe.

Namba zenyewe hazikuwa na uchawi. Namba ya muda ikiwa moja, umefanya kazi yote uliyopangiwa hadi siku hiyo. Ukishuka chini ya moja umechelewa, na sababu zako kamsimulie mama yako. Roketi ya Mbayuwayu ilikuwa na kazi elfu arobaini, kila moja na siku zake na thamani yake, na Shahidi alizijua zote. Kila fundi alivaa bangili iliyosoma mikono yake, na kila bamba la chuma lilikuwa na kinasa sauti. Serikali ilikuwa imechoka kudanganywa na wakandarasi waliosema "asilimia tisini, mheshimiwa" miaka minne mfululizo, ndipo Bunge likapitisha Sheria ya Vipimo: ulimi wa binadamu usiingie tena kati ya kazi na ripoti.

Ila mashine nayo huzaliwa haijui kitu, na ilibidi ifundishwe kazi ya kweli inavyokwenda. Katika vituo vyote vya Shirikisho, ni Kongwa peke yake ambako tarehe iliyotajwa ndiyo tarehe ambayo roketi iliruka. Basi Shahidi akalishwa vitabu vya Kongwa, vya miaka kumi na tisa, na vitabu hivyo vyote viliandikwa na mkono mmoja, wa mpimaji Nakijwa. Siku zile Nakijwa aliitwa Mama Tarehe. Mawaziri walimpigia simu nyumbani. Aikande aliijenga mashine, akaishibisha vitabu vya mwenzake, na siku ya nishani alitoa hotuba ya dakika arobaini bila kutaja jina la mwandishi. Nakijwa alikuwa ukumbini siku hiyo, safu ya kumi na moja. Alihesabu.

"Kikosi cha Tangi la Pili," Shahidi aliendelea. "Kazi iliyopangwa, asilimia sitini. Kazi iliyotimia, hamsini na mbili. Namba ya muda, sifuri nukta nane saba. Hii ni Jumatatu ya pili."

Hapakuwa na makofi. Fundi Malogo Chidumizi, kiongozi wa wachomeleaji, alivua kofia yake ngumu akaishika kifuani, na nyuma yake watu sitini na mmoja wakafanya vivyo hivyo. Kila mmoja alikijua Kifungu cha Tisa. Kikosi kikiwa chini ya sifuri nukta tisa Jumatatu tatu mfululizo, kinavunjwa. Barua anaandika Shahidi mwenyewe, na hakuna bosi wa kumlilia.

Mkutano ulipokwisha, Aikande alipita na wageni watatu kutoka wizarani. Alipomwona Nakijwa mlangoni pa stoo, uso ulimchangamka kweli, na huo ndio ulikuwa ubaya wake.

"Mtani wangu! Bado upo?" alisema kwa sauti ya kusikika. "Nilidhani umeshakwenda mahakamani kumshtaki jirani kwa kukanyaga kivuli chako. Waheshimiwa, huyu ni Mpare. Atauza ng'ombe ashinde kesi ya kuku."

"Kesi nimeiahirisha," Nakijwa alijibu. "Nasubiri ufe kwanza, nidondoshe sarafu karibu na jeneza. Mchaga akishindwa kuamka hapo, ndipo nitaamini amekufa."

Wageni walicheka hadi wakashikana mabega, na Aikande alicheka kuwashinda. Miaka ishirini na moja walikuwa wakitaniana hivyo, tangu walipoajiriwa siku moja, mmoja akitokea Usangi na mwingine Marangu. Zamani Nakijwa alisema maneno hayo akiwa amejaa furaha. Siku hizi aliyafikiria usiku kucha kabla, na alipoyatoa alitamani yakate.

2

Fundi Malogo alimfuata mchana ule, akiwa na zabibu kwenye mfuko wa karatasi.

"Shikamoo, Mama Tarehe."

"Marahaba. Jina hilo limestaafu, Malogo. Keti."

Alikaa juu ya kreti la glavu. Alikuwa Mgogo mrefu, mtaratibu, mwenye makovu madogo ya cheche hadi kwenye masikio, na hakuwa mtu wa kulalamika. Ndiyo maana alichukua muda kuanza.

"Mimi sina ugomvi na mashine," alisema. "Lakini mshono wa tangi hauharakishwi. Ukiharakisha unaacha kitundu ambacho jicho halikioni, na kule juu kuna watu wanne wamekaa kwenye viti. Sisi tunakwenda asilimia nne kwa wiki. Nne, nne, nne, tangu tulipowasha moto wa kwanza. Mpango nao ulikuwa nne, tukawa na moja kamili. Halafu Ijumaa moja, kabla ya Jumatatu ile ya kwanza, mpango ukaruka, kisha ukarudi tena kwenye nne zake. Ijumaa moja tu, mama, ikatudai nane za ziada. Hatukuzifanya. Hakuna binadamu wa kuzifanya. Sasa Shahidi anaandika kwamba tunajizuia. Kwamba tunafanya mgomo wa chini chini."

"Umemwambia Dokta Urio?"

"Nimemwambia. Akanijibu vizuri tu, kwamba wenzetu wote wa zamani waliruka, imo kwenye kumbukumbu. Nami nimekuwepo zamani zote hizo. Sikumwona aliyeruka." Aliweka zabibu juu ya meza. "Sijui nakuomba nini. Ila enzi zako mambo yalikuwa yanakaa sawa. Nikasema nije tu."

Alipoondoka, Nakijwa alifungua kabati. Madaftari yake yalikuwa mle, majalada ya bluu, mia moja na saba. Hakuhitaji kutafuta sana. Aliwasha mpango wa Tangi la Pili kwenye kompyuta, akaweka daftari kando yake, na mstari wa kwenye kioo ukamwonesha mwandiko wake mwenyewe.

Sasa ni lazima isemwe siri ambayo hakuwahi kumwambia mtu, hata mumewe. Kila Ijumaa kwa miaka kumi na tisa alizunguka karakana na kalamu. Kikosi kilichotangulia ratiba, alikiandika kimekaa pale pale, na zile siku za ziada alizitia kibindoni. Kikosi kilichochelewa kwa ugonjwa, kwa msiba, kwa chuma kibovu kilicholetwa na meli, alikifungulia kibindo akakipa siku. Kazi iliyokuwa hamsini na tano Alhamisi, Ijumaa iliamka mia moja. Waliopewa waliimalizia kimya kimya wiki zilizofuata, wakidhani makarani wamekosea kwa bahati yao, na nani atakwenda kulalamikia bahati? Jumla ya roketi haikuwahi kusema uongo. Sehemu zake ndizo zilizosema, na aliyezifundisha kusema alikuwa Nakijwa.

Shahidi aliyasoma madaftari hayo yote akajifunza somo moja kwa bidii: kazi ngumu huanza polepole, kisha Ijumaa moja huruka. Akapanga Mbayuwayu kwa kuruka huko. Sasa Ijumaa zinafika, na hakuna mwenye kibindo.

Nakijwa alicheka peke yake hadi machozi yakamtoka.

Aliona kila kitu kwa mfuatano, kama mtu anayesoma ratiba. Jumatatu ijayo wachomeleaji wanavunjwa. Katika Shirikisho zima hakuna kikosi kingine chenye cheti cha kuchomelea aluminiamu ya aina ile. Mshono unasimama. Vikosi vingine navyo vinafika kwenye Ijumaa zao, vinaanguka kimoja kimoja. Novemba inapita, na Mbayuwayu amekaa chini. Waziri anauliza ni nani aliyemwahidi tarehe, na Aikande Urio anasimama na nishani yake. Nakijwa hakutakiwa kufanya lolote. Alitakiwa kunyamaza tu, kazi pekee ambayo waliompa chumba cha kando ya stoo walidhani anaiweza.

Aliufungua mfuko wa Malogo akala zabibu zote, moja baada ya nyingine. Zilikuwa tamu.

3

Jumatano alipanda ghorofa ya tatu. Alijiambia anakwenda kuhakikisha hesabu, lakini ukweli ni kwamba alitaka kuitazama sura ya mwenzake kabla haijaharibika.

Ofisi ya Aikande ilikuwa na dirisha la kutazama karakana nzima. Ilikuwa na kapeti, na mashine ya kahawa, na picha ya Aikande akipeana mkono na Rais. Nakijwa aliitazama kahawa ikichujwa akahisi wivu hata juu ya kile kikombe.

"Mtani, nifundishe," alisema. "Mpango wa tangi umeruka asilimia nane siku moja. Mruko huo umetoka wapi?"

Aikande alifurahi kuulizwa. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lilikuwa likimchosha Nakijwa kuliko kiburi chake. Alichora mstari hewani kwa kidole, nao ukawaka juu ya meza: unapanda taratibu, taratibu, halafu unachupa.

"Huu ndio ugunduzi mkubwa kuliko Shahidi mwenyewe," alisema. "Tumeukuta mara mia sita na kumi na mbili kwenye vitabu vyako. Kikosi kiko nyuma, kila mtu amekata tamaa, halafu ghafla kinamaliza. Gharama haipandi, saa za ziada hazipo. Watu hawachoki hata kidogo! Ni nguvu iliyomo ndani ya binadamu, Nakijwa, na hakuna aliyewahi kuipima. Jumatatu wajumbe wa vituo vyote wanakuja kuisikia. Wizara imeshaupa jina. Mwinuko wa Urio."

Nakijwa alikiweka chini kikombe alichokaribishwa.

"Wa Urio," alisema.

"Mimi nilitaka jina lingine, lakini unawajua wale."

"Nawajua."

"Na unajua nilianzaje kuutafuta?" Aikande alishusha sauti. "Mwaka ule nilipomzika Baba Ufoo. Nilikuwa kiongozi wa kikosi cha Nyaya, roketi ya Kozi. Niliondoka hapa kazi ikiwa hamsini na tano, nikajua nimekwisha, nitarudi kuvuliwa cheo. Nikakaa Marangu siku zangu. Niliporudi, ripoti ilisema mia moja. Mia, Nakijwa! Vijana wangu walikuwa wameimaliza, kwa kunipenda tu. Nikapewa mwezi mmoja wa kazi nyepesi za ofisini. Niliposhuka karakanani nikakuta kila waya mahali pake, nikaugusa mmoja mmoja nikilia. Kilichonisimamisha tena ni hicho. Ningekuwa nimemfuata mume wangu."

Nakijwa aliangalia kapeti. Alikumbuka msiba ule vizuri kuliko mwenye msiba. Alikwenda Marangu kama mtani, ambaye kazi yake msibani ni kuwachekesha wafiwa, akavaa koti na kofia ya marehemu, akapita katikati ya waombolezaji akidai pombe yake ya mbege na kuuliza ni nani amehamisha kiti chake, hadi Aikande, aliyekuwa hajala siku tatu, akacheka na kilio kikiwa bado mdomoni. Kisha akarudi Kongwa, akawakuta vijana wa Nyaya wamekaa wakitazamana, hawajui waanzie wapi bila kiongozi. Akafungua daftari. Alitoa siku kumi na moja, nyingi kuliko alizowahi kumpa mtu yeyote, na ni yeye pia aliyemwombea ule mwezi wa ofisini, ili vijana wapate nafasi ya kumaliza kilichokwisha kuandikwa kimekwisha.

"Ulikuja msibani," Aikande alisema. "Sijasahau."

"Nilikuja kula," Nakijwa alijibu, na wakacheka wote wawili. Wakati wa kushuka ngazi, goti lilimuuma na moyo ukamuuma zaidi. Huruma yake aliyoificha miaka yote sasa ilikuwa na jina la mtu mwingine, na jina hilo litaandikwa kwenye vitabu vya shule.

4

Ningependa kusema kwamba hakulala akiwafikiria wachomeleaji. Aliwafikiria, ndiyo. Ijumaa alikutana na Malogo kwenye foleni ya chakula, akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Lakini hadi Jumatatu asubuhi alikuwa bado ameamua kunyamaza, na wivu ulikuwa umempa kila sababu: kwamba si yeye aliyejenga mashine, kwamba hakuulizwa, kwamba akisema atajifunga mwenyewe. Sheria ya Vipimo haikuwa na mchezo. Aliyetia ulimi kwenye kumbukumbu alifutwa kwenye orodha ya wapimaji, na kila alichowahi kuandika kikafutwa pamoja naye. Miaka kumi na tisa. Asingebaki hata kuwa mtu aliyewahi kuwa Mama Tarehe.

Saa mbili na nusu, karakana ilinyamaza. Wajumbe wa vituo vyote walikuwa wamekaa kwenye viti vilivyopangwa mbele. Kabla ya namba, ukuta wa kaskazini uliwaka, na pale, kwa ukubwa wa nyumba ya ghorofa, ukatokea mstari: taratibu, taratibu, kisha unachupa. Juu yake palikuwa na maneno MWINUKO WA URIO.

Nakijwa aliutambua. Haukuwa mstari wa mfano tu. Ulikuwa Ijumaa ile hasa, kazi ile hasa, hamsini na tano hadi mia. Siku zake kumi na moja zilikuwa zimebandikwa ukutani kwa jina la mwingine, na watu wanapiga makofi.

Miguu ilianza kwenda kabla hajaiambia. Kilichomsukuma hapo mwanzo hakikuwa huruma. Alikwenda kudai mali yake, Mpare kamili, na alipofika katikati ya karakana ndipo akawaona wachomeleaji wakiwa wameshavua kofia hata kabla ya kuitwa, na Malogo amefumba macho. Hapo hatua zake zikapata sababu ya pili. Hakujua tena ni ipi iliyombeba hadi mbele.

"Mnisamehe, waheshimiwa," alisema kwa sauti kubwa. "Huo mwinuko haupo. Ni mimi. Nilikuwa naficha siku. Waliowahi niliwaibia, waliochelewa niliwapa. Miaka kumi na tisa. Hakuna aliyeruka hapa."

Kisha mtu akaguna, mwingine akapasuka, na karakana nzima ikaangua kicheko. Mpare bahili, hata siku anaficha! Utani gani ungeweza kuwa mzuri kuliko huo? Wajumbe walielezwa na majirani zao, nao wakacheka. Aikande alikuwa ameshika mbavu.

"Mtani wangu, umeniua!" alisema, akafungua pochi yake, akatoa noti na kumtunza mwenzake mbele ya watu wote, kama inavyotakiwa mtani akikushinda. "Haya, chukua, uitundike ukutani uilie ugali, kama samaki wenu wa kutazama!"

Nakijwa alisimama na noti mkononi. Alikuwa ametoa neno gumu kuliko yote ya maisha yake, na hakuna aliyelisikia. Hakuwa na wa kumlaumu. Miaka ishirini na moja alikuwa amewazoesha.

"Kikosi cha Tangi la Pili," Shahidi alisema, kwa kuwa dakika zake zilikuwa zimefika. "Kazi iliyopangwa, asilimia sitini na nne. Kazi iliyotimia, hamsini na sita. Namba ya muda, sifuri nukta nane nane. Hii ni Jumatatu ya tatu. Barua zinaandaliwa."

Chini ya ukuta palikuwa na bamba la shaba ambapo viongozi wa vikosi waliapa kila robo mwaka. Nakijwa aliweka kiganja chake juu yake.

Kicheko kilikatika. Mtu hataniani na bamba.

"Nakijwa Mfinanga, mpimaji wa zamani," Shahidi alisema. "Unaapa nini?"

"Kwamba nilitia ulimi kwenye kumbukumbu ulizofundishwa nazo."

"Unajua adhabu yake?"

"Naijua."

"Taja badiliko moja ninaloweza kulithibitisha."

Yalikuwa mia sita na kumi na mawili. Angeweza kuchagua lolote, la mtu aliyekwisha kufa, la mtu aliyehama. Alimtazama Aikande, aliyekuwa ameganda na pochi bado wazi, na akajua kwamba akichagua lingine, mwinuko ule utabaki ukutani. Wivu na ukweli vilitaka kitu kimoja, na hiyo haikumfanya ajisikie msafi.

"Roketi ya Kozi," alisema. "Kikosi cha Nyaya. Niliandika mia moja tarehe kumi na nne Julai. Tazama lango lao. Liliendelea kufunguliwa siku kumi na moja baada ya hapo, mafundi wakiingia na kutoka. Walikuwa wanamalizia."

"Lango linathibitisha," Shahidi alisema. "Siku hizo zilitolewa kwa nani?"

"Kwa kiongozi wao. Alikuwa msibani."

"Nakijwa," Aikande alisema. Sauti yake haikuwa na utani hata chembe. "Nakijwa, vijana wangu walifanya. Walinipenda."

"Walikupenda. Hawakujua waanzie wapi." Nakijwa hakuweza kuendelea kumtazama. "Nilifika Marangu mikono mitupu, mtani. Hiyo ilikuwa rambirambi yangu."

"Zilichukuliwa kutoka kikosi gani?" Shahidi aliuliza.

Swali hilo hakuwa amelitegemea, ingawa jibu lake alilijua. Aligeuka.

"Kwa wachomeleaji," alisema. "Kikosi cha Malogo. Walimaliza tarehe tatu. Nikaandika kumi na nne. Mwaka ule walistahili nishani ya kutangulia, na sikuwapa."

Aikande aligeuka naye. Kwa mara ya kwanza tangu Shahidi aanze kusoma namba, aliwatazama wale sitini na wawili mmoja mmoja, wakiwa na kofia zao vifuani.

"Kiapo kimethibitishwa," Shahidi alisema. "Kumbukumbu za mpimaji Nakijwa Mfinanga zinafutwa. Jina lake linafutwa. Mpango wa Mbayuwayu ulijengwa juu ya kumbukumbu hizo, na hauna msingi. Barua zinasitishwa." Kisha akaongeza: "Sina namba za kusoma."

Ukuta ulizimika. Mstari ulikwenda, jina la Urio likaenda, na tarehe kumi na nne Novemba nayo ikaenda. Wajumbe walianza kunong'onezana. Nakijwa alikitoa kiganja kwenye bamba akangojea furaha, kwa kuwa kile alichokitamani miaka miwili kilikuwa kimetokea mbele ya macho yake. Haikuja. Alichokiona ni mwanamke wa umri wake, amebeba pochi, aliyefiwa kwa mara ya pili.

Malogo alisogea. Aliivaa kofia yake kwanza, taratibu, akaifunga kidevuni.

"Mama Tarehe," alisema. "Umesema kumi na moja?"

"Kumi na moja."

"Tulimaliza tarehe mbili, siyo tatu. Nilihesabu. Miaka tisa nimekuwa nikijiuliza zilikwenda wapi." Alimtazama Aikande, akavua tena kofia, safari hii kwa ajili yake. "Kama ni msibani, basi sawa. Lakini zilikuwa kumi na mbili."

Nakijwa alitazama ile noti iliyokunjamana mkononi mwake.

"Hiyo siku moja bado ninayo," alisema.

Hakuna aliyecheka. Kisha Aikande alifika mbele yake, machozi yanamtiririka hadi kwenye nishani, akafungua kiganja na kukinyoosha, kama anayedai chake.

"Mpare mwizi wewe," alisema. "Ilete. Mwenyewe amesimama hapa na kofia yake."